TAHADHARI: Fundi wa "makabati ya kufulia ya wazee", Goba na Madale

Ndugu zangu wa Goba, Madale na Salasala, kuna fundi anajitangaza Instagram kwa makabati ya sehemu ya kufulia. Anayauza kwa wenye wazazi nyumbani: mama hapandi stuli wala hanyooshi mkono, kila kitu kinafikika. Simtaji jina kwa kuwa shauri liko polisi, na hata hivyo ukurasa kashaubadilisha jina. Picha ni zile zile.

Anakuja na kipande cha marini bodi (plaiwudi inayostahimili maji), kizito, anakuachia ukishike mwenyewe. Kisha anataka asilimia 70 leo leo, eti bodi zinapanda bei. Namba anayokupa ni ya mtu binafsi, na jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri si lake. Omba lipa namba au risiti ya EFD, utaambiwa mtandao unasumbua.

Kinacholetwa ni chipbodi, yaani bodi ya chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Kwa mama yangu kabati lilifika limeshaungwa, kingo zote zimezibwa ukanda mweupe, ndani huoni kitu. Mwambie atoboe tundu la bomba mbele yako. Marini itaonyesha matabaka ya mbao yaliyopishana. Chipbodi itamwaga chenga kama pumba. Na akikuletea MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya kijani usitulie haraka, ile rangi ni ya kuitambulisha tu, haizuii maji. Chipbodi ikikaa karibu na mashine na bomba linalodondosha, huvimba kuanzia chini, mlango ukagoma kufunga, skrubu za bawaba zikaanza kutoka zenyewe.

Hatari kubwa iko ukutani. Skrubu zake zilikuwa fupi, zikashika plasta bila kufika kwenye tofali. Tulipopanga sabuni ya maji ya lita 5 na mfuko wa sabuni ya unga, kabati likaachia upande mmoja mama akiwa anatoa nguo. Hakuumia, namshukuru Mungu. Skrubu ipite mgongo wa kabati, ipite plasta, izame kwenye tofali ikiwa na plagi yake ya plastiki ya ukutani. Chini ya sentimita 6 mkatalie.

Huko kufikika kwenyewe nako ni maneno matupu. Vipimo alichukua mfuniko wa mashine ukiwa umefungwa! Hizi za kufungulia juu, mfuniko ukisimama unakaribia sentimita 140 kutoka sakafuni. Kabati la juu yake ama linazuia mfuniko, ama linamshinda mtu mwenye bega bovu. Anayejua kazi angelijenga pembeni ya mashine, kati ya goti na bega, tena la droo za kuvuta. Tulipomwonyesha akajibu, "Bi mkubwa atazoea."

Tukamwita arekebishe, akadai amaliziwe salio kwanza. Baada ya hapo simu haipatikani.

Kama umeshatuma hela, pigia mtandao wako sasa hivi wajaribu kuzuia muamala kabla hajaitoa, tuma namba yake kwenda 15040 ya kuripoti matapeli, kisha nenda polisi na ujumbe wa muamala na picha za mazungumzo upewe RB, namba ya taarifa yako polisi. Bodi alizoleta usizitupe, ni ushahidi. Majirani kadhaa tunakusanya RB zetu tumpelekee mpelelezi mmoja. Mwenye yake aje inboksi.