Split hadi Dubrovnik kwa Meli Ndogo: Unacholipia na Kinachosumbua

Safari za meli ndogo za kifahari katika pwani ya Dalmatia, nchini Kroatia, kati ya miji ya Split na Dubrovnik, hutangazwa kwa picha za sitaha yenye beseni la maji moto na meza iliyopambwa. Thamani yake haiko hapo. Meli ya urefu wa mita 40 hadi 50, yenye abiria 30 hadi 40, huingia hadi gati la katikati ya mji, mahali ambapo meli ya watu 3,000 haithubutu kusogea. Unashuka, unavuka barabara ya pwani, na tayari uko mji wa kale. Usiku meli hulala hapo hapo, kwa hiyo mji unaupata jioni, wageni wa mchana wakishaondoka.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kusoma katika ratiba ni saa za kufika na kuondoka. Kampuni ikiandika jina la kituo tu, mfano mji wa kisiwani wa "Korčula", iulize kama ni saa tatu za mchana au usiku mzima. Hvar pia iulizie: gati la Hvar mjini ni dogo, na meli nyingi hufungwa Stari Grad, upande wa pili wa kisiwa, kisha abiria hupelekwa kwa basi yapata kilomita 20. Si hasara kubwa, maana Stari Grad wenyewe ni mji ulioanzishwa na Wagiriki mwaka 384 kabla ya Kristo, na mashamba yake ya zeituni na mizabibu yamo katika Urithi wa Dunia tangu 2008. Ila ujue mapema.

Daraja la juu, ambalo katika orodha za bei huitwa Deluxe Superior, kwa kawaida ni euro 1,500 hadi 2,500 kwa mtu kwa siku saba, wawili chumba kimoja. Anayelala peke yake huongezewa, tena si kidogo. Ndani ya bei mna kifungua kinywa na chakula cha mchana. Cha jioni unajitafutia mjini, isipokuwa usiku mmoja wa karamu ya nahodha. Vinywaji vya nje haviruhusiwi. Unavyoagiza huandikwa kwenye hesabu ya chumba, hulipwa siku ya mwisho, na baadhi ya meli hupokea taslimu tu. Kodi ya bandari nayo mara nyingi hukusanywa melini siku ya kwanza. Kwa chakula cha jioni, viingilio na bahashishi ya mabaharia, tenga euro 400 hadi 600 zaidi.

Chumba ndicho kinachowaponza wengi. Vya sitaha ya chini ni nafuu, lakini vina kidirisha cha duara kinachofungwa meli ikiwa safarini, na vilivyo tezini, yaani nyuma ya meli, hupata mtetemo wa injini na mvumo wa jenereta. Vya sitaha ya juu vina mandhari nzuri, ila bahari ikichafuka ndivyo vinavyoyumba zaidi. Pazuri ni sitaha kuu, katikati ya meli, hata kama itabidi kufunga pazia kwa sababu ya wapita njia. Usikubali kulipia "aina ya chumba". Omba mchoro wa sitaha, namba ya chumba na ukubwa wake. Chini ya mita za mraba 12, masanduku mawili magumu hayana pa kukaa, kwa hiyo chukua mabegi laini yanayokunjika. Plagi ni za pini mbili za duara, hivyo mwenye vifaa vya Kenya au Tanzania abebe adapta.

Jambo ambalo matangazo huliruka ni ufungaji wa meli jioni. Gati halitoshi, basi meli hufungwa ubavu kwa ubavu, nne au hata tano. Yako ikiwa ya nje, utapita sitaha za wenzako kufika nchi kavu. Ikiwa ya ndani, dirisha lako litatazama ubavu wa jirani na moshi wake utakufikia. Hakuna kampuni inayoweza kuahidi vingine, kwa kuwa nafasi hutolewa na bandari. Meli hizi kwa kawaida hazina lifti, ngazi zake ni za mwinamo mkali, na kimo cha kuruka toka meli hadi meli hubadilika. Mwenye magoti mabovu hii si safari yake, na tunasema hivyo bila kusita.

Pepo za huko mtu wa pwani yetu atazielewa haraka. Bura hutoka kaskazini mashariki, upande uleule wa kaskazi yetu, lakini haivumi kwa miezi kwa utulivu: hushuka ghafla toka milimani, baridi na kavu, kwa vishindo. Jugo hutoka kusini mashariki kama kusi, hujengeka siku mbili tatu, ikileta mawingu na mawimbi marefu. Hiyo ndiyo inayolevya watu bahari. Maestral ya alasiri, toka kaskazini magharibi, ni rafiki. Jugo likiingia, kituo cha kwanza kufutwa ni Vis, kisiwa kilicho mbali kuelekea bahari kuu. Mkataba humruhusu nahodha kubadili njia bila kurudisha fedha. Usidai, yuko sahihi. Jugo huvuma zaidi majira ya machipuko na vuli, lakini Juni au nusu ya kwanza ya Septemba bado ni bora kuliko Julai na Agosti zenye joto na msongamano.

Korčula utaelewa ukitembea ukiwa na pepo hizo kichwani. Mitaa yake imepangwa kama mifupa ya samaki: ya magharibi imenyooka ili maestral iingie kupoza nyumba, ya mashariki imepinda ili bura ikatwe nguvu. Anayependa vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu atafurahi hapa kuliko Dubrovnik. Split nako usikimbie. Kasri la Mfalme Diocletian wa Roma, lililokamilika yapata mwaka 305, linakaliwa hadi leo na watu, maduka na nguo za kuanikwa, na uwanjani pake kuna sfinksi, sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, ya mawe meusi iliyoletwa toka Misri.

Dubrovnik meli hufunga bandari ya Gruž, si mji wa kale. Panda basi la mjini hadi Pile, lango la mji wa kale. Kuta zina mita 1,940, hazina kivuli, na huchukua saa mbili. Panda mara zinapofunguliwa, saa 2 asubuhi katika msimu. Tikiti ni ghali, euro 35 mwaka 2023 na imepanda tangu hapo. Nunua Dubrovnik Pass, ambayo hujumuisha kuta na mabasi.

Chakula cha melini ni kizuri lakini nyama ya nguruwe imo kila mahali, hasa asubuhi. Asiyeila aandike wakati wa kulipia, si siku ya kupanda, kwa sababu mpishi hununua vitu vya wiki nzima. Nyama ya halali usiitegemee. Samaki, ngisi na pweza wapo tele. Uliza pia kuhusu divai, maana pašticada, ile nyama ya ng'ombe ya kupikwa taratibu, hutiwa divai.

Mwisho, viza. Kroatia imo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, na hutumia euro tangu tarehe 1 Januari 2023. Safari inayofika Kotor, Montenegro, inakutoa Schengen, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitakurudisha. Mtego huo huo uko barabarani: ukirudi Split kwa basi, safari ya muda wa saa nne hivi, uliza kama linapita daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022, au linakatiza Neum, ambayo ni Bosnia. Uliza kabla ya kununua tikiti.