Kula vizuri kwa bei nafuu kitongojini: tathmini ya migahawa na chakula cha kufungasha

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa migahawa ya vitongojini methali hiyo ni kweli nusu tu. Kibaya kinajitembeza kweli, kwa bango la taa na picha zilizong'arishwa. Kizuri cha bei nafuu nacho mara nyingi hakijiuzi kabisa: kiko nyuma ya kituo cha mafuta, bango limepauka, na mwenyewe hana muda wa kupiga picha sahani kwa sababu yuko jikoni.

Chanzo kikubwa ni kodi ya pango. Bei ya sahani moja hulipa malighafi, mishahara na jengo, na kwa hesabu ya kawaida ya biashara hii malighafi huchukua takriban asilimia 28 hadi 35 ya bei. Aliyepanga mbele ya maduka makubwa, penye maegesho mapana, hana budi kupandisha bei, kupunguza kipimo au kununua malighafi duni. Aliye safu ya pili, kwenye kona ambayo gari halipati pa kusimama, anaweza kuiweka fedha hiyo kwenye sufuria. Kwa hiyo anza kutafuta kwenye pango dogo na wateja wa kila siku: karibu na gereji, maghala, hospitali, chuo, kituo cha mwisho cha mabasi. Mtu anayekula mahali pamoja siku tano kwa wiki akilishwa vibaya mara mbili anahama, na mwenye mgahawa analijua hilo.

Pita saa sita na nusu mchana siku ya kazi uangalie nani wamekaa. Waliovaa sare za kazi, wanaoagiza bila kutazama menyu, wanatosha kuwa ushahidi. Ukumbi mtupu saa hiyo ni dalili mbaya, isipokuwa kama foleni iko dirishani kwa wanaobeba. Ukumbi mtupu saa kumi jioni hauna maana yoyote.

Kati ya aina zote, mgahawa wa familia wenye meza chache na menyu fupi ndio tunaoupa alama za juu. Menyu ya vyakula 10 hadi 20 vinavyotumia malighafi zilezile maana yake nyama iliyoingia asubuhi imeisha jioni. Menyu ya vyakula 90, ikichanganya mapishi ya mabara matatu, haiwezekani bila friza kubwa na michuzi ya kopo. Lakini isome vizuri kabla ya kuikataa: wakati mwingine vyakula 60 ni michuzi mitano tu ikizungushwa kwa kuku, ng'ombe, samaki na mboga, na jiko la namna hiyo linaweza kuwa safi kabisa. Cha kuhesabu ni malighafi, wala si mistari ya menyu.

Migahawa ya chapa kubwa yenye matawi mengi haituudhi kama inavyowaudhi wengi. Inauza uhakika: ladha ya leo ni ya jana. Udhaifu wake ni kwamba sehemu nzuri ya bei inalipa chapa na matangazo, na kipimo hupungua polepole bila bei kushuka. Ukila huko, nunua kile ambacho tawi linauza kwa wingi zaidi, maana kinatoka jikoni mfululizo. Bufee ni ya kuendea dakika 15 za mwanzo au kuiacha. Kaunta ya chakula ya supamaketi inadharauliwa bure: kuku mzima aliyetoka kwenye mashine ya kuokea dakika hiyo ni miongoni mwa milo ya nafuu kabisa kwa familia. Uliza wanatoa saa ngapi. Baada ya saa mbili kwenye kabati la joto, kidari kinakuwa kikavu na paja pekee ndilo linalolika.

Nyota za mtandaoni zinafaa, ila si kwa jinsi zinavyotumiwa. Michael Luca wa Harvard Business School aliwahi kuchunguza migahawa ya Seattle, na mwaka 2011 akaonyesha kuwa nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao wa maoni ya wateja, iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Ongezeko hilo lilikuwa la migahawa inayojitegemea. Zile za chapa kubwa hazikuguswa. Kwa maneno mengine, mgahawa mdogo una sababu nzito ya kuzitafuta nyota hizo, kwa njia halali au kwa kuzinunua. Panga maoni kwa tarehe, mapya juu. Mpishi akiondoka, nyota 4.6 za miaka mitatu iliyopita zinabaki juu wakati chakula kimeshaharibika. Ruka nyota tano zisizotaja chakula chochote, ruka pia nyota moja zinazolalamikia maegesho. Maoni ya nyota tatu ndiyo yenye nyama: hapo utasoma kwamba mchuzi ni mzuri lakini wali ulikuwa wa jana. Kisha tazama picha za wateja, siyo za mgahawa. Sahani ileile ikipigwa picha na watu wanne kwa miezi tofauti na kipimo ni kilekile, jiko hilo lina nidhamu.

Sasa kufungasha, au kubeba kama wengine wanavyosema. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu huagiza cha kubeba kile wanachopenda kula mezani. Chakula kilichofungwa ni bidhaa nyingine. Kitakaa dakika 20 au 30 ndani ya mvuke wake, na swali la kwanza linapaswa kuwa kama kitastahimili.

Chukua chipsi. Kiazi kimetoka kwenye mafuta ya nyuzi 175 hadi 190 za Selsiasi, ganda limekauka, ndani kumejaa maji ya moto. Kikiwekwa kwenye boksi lililofungwa kabisa, mvuke unaotoka ndani ya kiazi unagonga kifuniko, unakuwa matone, unarudi juu ya ganda. Dakika kumi zinatosha kulilegeza. Jiko linalojua kazi yake linakatakata kiazi kinene kidogo, linakikaanga mara mbili, na linakiweka kwenye mfuko wa karatasi ulioachwa wazi mdomo. Ukipewa boksi lililofungwa, lifungue hapohapo kaunta na ulibebe wazi. Chipsi za baridi zinafufuka. Zilizolowa ni kazi kubwa zaidi. Nyumbani zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika tano hadi nane, zikiwa zimetandazwa, au kwenye kikaango kikavu. Maikrowevu huzifanya mpira.

Kinachosafiri vizuri kuliko vyote ni chakula cha mchuzi kilichopikwa taratibu: nyama ya kuchemshwa kwa muda mrefu, maharage, dengu, mboga za mchuzi. Hivi havina ganda la kupoteza, na saa moja kwenye kontena haivipunguzii kitu. Wali husafiri vizuri ukifungwa peke yake. Tambi zilizomo ndani ya supu ni hasara: zinaendelea kunywa mchuzi njiani, na ukifika una uji mzito. Omba supu kwenye kontena lake na tambi kwenye lake. Mgahawa makini hufanya hivyo bila kuombwa, na hicho ni kipimo kizuri cha kuujua. Nyama ya kuchoma inaendelea kuiva ndani ya foili, basi agiza iive pungufu kidogo ya unavyopenda, ikiwa ni kipande kizima cha ng'ombe. Kuku na nyama ya kusaga havipunguzwi hata kidogo. Saladi ibebwe bila kumwagiwa mchuzi wake. Yai la kukaanga lisibebwe.

Piza inastahimili, na ina hesabu yake ambayo wauzaji hawaisemi. Yenye kipenyo cha sentimita 30 ina eneo la takriban sentimita za mraba 707. Ya sentimita 40 ina 1,257. Ya pili ni kubwa kwa asilimia 78, ilhali bei yake mara nyingi haizidi kwa asilimia 40 au 50. Ila ukipewa ofa ya mbili za sentimita 30 kwa bei ya moja ya 40, chukua mbili: jumla ni 1,414.

Angalia pia chombo chenyewe. Kontena la plastiki lenye namba 5 kwenye pembetatu chini yake ni polipropilini, linavumilia mchuzi wa moto na maikrowevu. Boksi jeupe la povu ni polistirini, namba 6, na huanza kulegea karibu na nyuzi 100. Kitu kilichotoka kwenye mafuta saa hiyohiyo kinaweza kulitoboa, na si la kupashia chakula. Kuna na makontena ya duara yenye kitako kilichoinuliwa katikati, ambayo kwa nje yanaonekana makubwa. Jaza maji lililo tupu nyumbani uyapime kwa kikombe. Likijulikana ni la mililita 500 na si 750, bei iliyoonekana nafuu inabadilika sura.

Programu za kuagiza chakula kwa simu ni nzuri kwa kutafuta na mbaya kwa kulipia. Kamisheni ambayo programu hizo huikata migahawa kwa kawaida iko kati ya asilimia 15 na 30. Tuchukulie sahani ya 100 kwa fedha yoyote ile. Ikikatwa asilimia 30, mgahawa unabaki na 70. Ili ubaki na 100 zake, lazima uiandike 143 kwenye programu, na hapo bado hujalipa ada ya huduma, ada ya kuletewa na bahashishi. Migahawa mingi hufanya hivyo kimyakimya. Isiyofanya huenda inapunguza kipimo. Njia iliyo nafuu ni kutumia programu kuujua mgahawa, kutafuta namba yake ya simu, kupiga mwenyewe na kwenda kuchukua. Ukipiga, taja kwanza saa utakayofika, ndipo utaje chakula. Ukianza na chakula, jiko linapika mara moja na oda yako inakusubiri ikivuja mvuke.

Programu hizo zina mtego mwingine. Jiko moja lisilo na ukumbi linaweza kuuza kwa majina matano, moja la kuku, moja la baga, moja la saladi. Si kosa kisheria mahali pengi, na mengine yanapika vizuri, ila usidhani umeshajaribu migahawa mitano. Linganisha anwani. Zikifanana, na picha zikionekana zimetoka studio moja, hukumu moja inawatosha wote.

Bei ikiwa chini mno kuliko ya majirani wote, jiulize imekatwa wapi. Mara nyingi ni kwenye mafuta. Mafuta yaliyochoka yana rangi nyeusi, yanatoa povu dogo ambalo haliondoki chakula kikitolewa, na moshi wake unawasha macho kabla hujafika kaunta. Chakula chake huacha utando kwenye kaakaa na harufu ya samaki hata kama umeagiza viazi. Ukisikia harufu hiyo barabarani, pita. Dalili ya pili ni mkono: anayepokea fedha na kushika mkate kwa mkono uleule hahitaji kufanyiwa uchunguzi zaidi. Meza yenye makombo saa ya msongamano si neno. Kitambaa kimoja kinachofuta meza, ubao na visu ni neno.

Mahali papya, oda ya kwanza iwe ndogo: chakula kimoja ambacho jiko linajisifia na kimoja cha kawaida kabisa kama wali au mboga. Cha kujisifia kinaweza kuwa na mtu wake maalumu. Wali usio na chumvi au mboga iliyochemshwa hadi kuwa kijivu vinaonyesha jiko linafanyaje kazi wakati halitazamwi. Kilekile kiagize tena siku nyingine, saa nyingine, ikiwezekana siku ambayo mwenyewe hayupo. Vikilingana, hifadhi namba ya simu.

Kilichobaki kiwe na saa yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida: cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kikipashwa kifike angalau nyuzi 70 hadi katikati. Saa hizo mbili zinahesabiwa tangu kilipotoka jikoni, pamoja na muda wa njiani. Wali una hatari ya pekee. Chembe za bakteria aitwaye Bacillus cereus huvumilia kupikwa, huzaliana wali ukikaa vuguvugu, na sumu yake haiondolewi kwa kupasha. Utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa hizo mbili na uliwe kesho yake. Uliolala mezani usiku kucha ni wa kutupa, hata kama haunuki.