App ya habari za michezo ya elfu tatu kwa mwezi: mpira iko vizuri, riadha hamna kitu

Hii app nailipia toka mwaka jana, jina nawahifadhia maana ninachokisema hapa utakikuta kwenye app nyingi za michezo hapa Bongo.

Kwa mpira iko vizuri jamani. Matokeo yanaingia fasta, vikosi vinatoka mapema, bando haili sana na hata simu ndogo inafungua bila shida. Kama wewe ni wa Simba na Yanga tu, lipia.

Sasa mimi napenda na riadha. Tarehe 15 Septemba 2025 usiku wa manane kwa saa zetu Alphonce Simbu anamaliza marathon ya mashindano ya dunia kule Tokyo, amekimbizana na Mjerumani Amanal Petros mpaka kwenye utepe, wote wameandikiwa 2:09:48, tofauti yao ni sekunde 0.03 tu! Hiyo ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania toka mashindano hayo yaanze 1983, kabla ya hapo tulikuwa na medali ya fedha ya Christopher Isegwe 2005 na shaba ya Simbu mwenyewe 2017. Asubuhi nafungua app, juu kabisa Ngao ya Jamii, ile mechi ya kufungua msimu wa mpira, maana Yanga na Simba walikuwa wanacheza kesho yake. Nani anaanza, nani ana maumivu, msemaji huyu kasema hivi, yule kajibu vile. Simbu yuko chini huko kwenye "michezo mingine", mistari minne na picha ya zamani, na notifikesheni haikuja kabisa. Iliniuma sana.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu vizuri tu kwamba habari zinapangwa kwa kuangalia zipi zinafunguliwa zaidi. Haya, lakini habari umeificha chini nani ataifungua? Halafu kesho unahesabu unasema watu hawapendi riadha. Hapo ndipo siwaelewi, wanaongea kama hamu ya watu ni mvua inashuka yenyewe wakati hiyo hamu wanaijenga wao kila siku asubuhi mpaka jioni.

Najua pia kuna gharama. Klabu kubwa zina wasemaji, kabla ya mechi kuna mkutano na waandishi, mtu anatoka ofisini hapa hapa Dar anarudi na habari tano. Simbu anajifua huko Arusha, hana msemaji, mbio zenyewe za mwaka zinahesabika na nyingi ziko nje, ukimtaka lazima upande basi umfuate. Na matangazo yaliyojaa kwenye app ni ya kubeti, mkeka wa marathon nani anauweka?

Ila kuna kitu kinaniambia gharama sio sababu yote. Juni 2025 Faith Kipyegon wa Kenya alijaribu maili chini ya dakika nne pale Paris, akamaliza kwa dakika nne na sekunde sita na ushee, na app hii hii ilimweka mbele kabisa, komenti zikajaa Watanzania wanashangilia. Ile shughuli iliandaliwa na Nike, picha na video zilikuja zimeshatengenezwa, kazi ilikuwa kuweka tu. Kwa hiyo wasomaji wa riadha tupo, kinachokosekana ni mtu wa kuandaa habari ya mkimbiaji wetu kama walivyomwandalia Faith.

Na usidhani ni riadha peke yake, hata kwenye mpira wenyewe dada zetu wako pembeni. Clara Luvanga amefunga mabao kibao akiwa Al Nassr ya Saudia na kupata habari yake mpaka uandike jina mwenyewe kwenye kutafuta, wakati Ronaldo wa timu ya wanaume ya klabu hiyo hiyo anakuja kila siku bila kuitwa.

Nawapa nyota mbili, zote za mpira. Wakiweka sehemu ya mtu kuchagua mchezo na mchezaji anayemtaka notifikesheni yake ije, na wakamlipa japo mwandishi mmoja wa kudumu akae Arusha, hiyo elfu tatu naendelea kuitoa na wenzangu wa joging nitawaambia walipie.