Kufundisha Kiingereza Korea Kusini: shule ya serikali au hagwon?

Swali hili haliishi. Kwa uhakika wa mshahara, shule ya serikali inashinda: EPIK, mpango wa serikali wa kuajiri walimu wa Kiingereza kutoka nje ulioanza mwaka 1995, hulipa kwa fedha za umma. Hagwon ni biashara ya masomo ya ziada. Wazazi wakiwaondoa watoto, mwalimu huumia mapema. Zipo hagwon nzuri sana, ila ichunguze kila moja. Omba kuzungumza na mwalimu anayeondoka, nyinyi wawili tu, umuulize kama alilipwa kwa tarehe. Mkurugenzi akikwepa, achana nayo.

Mkataba usome mstari kwa mstari: bima ya afya, pensheni, na kiinua mgongo cha takriban mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliotimia. Wapo walioachishwa kazi mwezi wa 11 wa mkataba ili wasikipate, na hilo linaniuma.

Kwa kuchagua mahali, hagwon inashinda, na huajiri mwaka mzima. EPIK huajiri kwa misimu na yenyewe ndiyo inayokupangia shule, pengine kijijini.

Kama hujawahi kushika chaki na unaweza kusubiri, anza na EPIK. Kama lazima uishi Seoul na mwenzako, tafuta hagwon, lakini usitie saini kabla ya mazungumzo yale.