Mipira ya mguu wa boti: uliochanika tu, au yote?

Boti yenye injini ndani na mguu wa propela nyuma huwa na mipira ya mikunjo: wa shafti, wa kebo ya gia na, kwa nyingi, wa ekzosi. Mmoja umechanika. Ubadilishe huo tu?

Ukiwa wa ekzosi, ninakuelewa. Boti itapiga kelele zaidi, lakini kwa kawaida haizami, na pesa ya mipira mingine inabaki mfukoni. Wa shafti na ule mdogo wa kebo ni habari nyingine kabisa: hiyo inazuia ziwa lisiingie ndani. Wa kebo watu huudharau kwa udogo wake, na boti huzama kwa ajili yake usiku, imefungwa tu ufukweni.

Mimi nabadilisha yote. Kazi kubwa ni kuushusha mguu: kwenye miguu ya chapa ya MerCruiser ni nati sita, ila ni mzito, tafuta mtu wa kukusaidia. Ukishashuka, fungua mkunjo kwa vidole viwili. Mpira uliochoka una nyufa nyembamba kama kisigino kilichokauka. Kisha zungusha kwa kidole beringi inayoshikilia shafti. Ikikwaruza au ikitoa maji ya kutu, ing'oe nayo, maana mpira mpya hautaiponya.

Maji yetu ya Mwanza hayana chumvi, klampu zinadumu. Jua la hapa kwetu Bwiru ndilo linaloumaliza mpira, hasa boti ikiegeshwa mguu umeinuliwa na mikunjo imevutika. Ukiegesha, ushushe.