Jiko la presha la umeme, miezi kumi na minne Uyole: maharage, Luku na raba ya mfuniko

Jiko hili la lita sita nililinunua duka moja la vyombo Mwanjelwa, hapa Mbeya, shilingi 155,000. Nyumbani tuko saba na linapika karibu kila siku.

Nianze na maharage, maana ndiyo yaliyonipeleka dukani. Huku kwetu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100. Ndiyo maana wageni kutoka Dar wanashangaa sufuria kukaa motoni mchana kutwa. Ndani ya jiko hili mvuke unabanwa, joto linapita nyuzi 110, na maharage ya njano yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa dakika 35. Kwa mkaa nilikaa saa mbili na nusu, nikiongeza makaa katikati. Jumapili moja nilizima friji na taa zote, nikasoma uniti zilizobaki kwenye Luku, mita yetu ya umeme, kabla na baada: 38.6, kisha 38.3. Kwa bei ninayonunua mimi, karibu shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 107. Wiki iliyofuata nikapima makande, yakala 0.4.

Hesabu hizi nimezirithi. Baba yangu alichimba makaa ya mawe Kiwira, mgodi uliojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1980. Alikuwa anarudi na weusi kwenye mikunjo ya shingo ambao sabuni haikuutoa, na alituambia kuwa mwamba hauna masika: tani ukishaitoa, haioti nyingine. Kwa hiyo kila chombo cha kupikia nakiuliza kinakula nini, na hicho kinachokula kitakuwepo mpaka lini.

Mkaa tunaochoma hapa mjini mwingi unatoka Chunya, na anayeniuzia anasema kila mwaka wanaingia porini mbali zaidi. Gesi ya mtungi ninayo, kwa chai na kukaanga ni nzuri sana. Ila majirani wengi wanaamini ni ile gesi asilia ya Mtwara, na siyo. Ya mtungi inaagizwa nje na kuletwa kwa meli. Gesi yetu asilia, kama ile ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004, inasafiri kwa bomba na kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme. Zote mbili zimo ardhini kwa kipimo. Umeme ndio unaoweza kubadilishiwa chanzo bila mimi kubadili sufuria: leo gesi asilia na maji ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, na kesho huenda jotoardhi la Ngozi linalochunguzwa kwenye milima hii ya Uporoto ninayoiona nikianika nguo.

Hata maji yanataka kutunzwa. Mto Ruaha Mkuu, unaojaza bwawa la umeme la Mtera, unakusanya mito ya Usangu, hapo chini tu kwetu, na tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Ndiyo sababu jiko la koili la mdogo wangu silitamani, ingawa ni rahisi kununua. Linavuta umeme muda wote maharage yakiwa motoni. Langu likishapanda presha linazima lenyewe na kuwaka kidogo kidogo. Siku moja umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili. Sikufungua. Baada ya nusu saa mvuke ulikuwa umeshuka wenyewe, na maharage yalipondeka kwa vidole.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tukuyu alisema chakula kisichopata moshi hakina ladha. Alipoonja ndizi na nyama aliongeza sahani. Ugali siwezi kuusonga humu, na mboga za majani zinapondeka.

Sasa lawama. Mwezi wa kumi raba ya mfuniko ilipasuka, mvuke ukawa unatoka pembeni na presha haipandi. Nikarudi dukani. “Dada, raba peke yake hatuna, chukua jiko jipya.” Iliniuma. Nchi ina mkakati wa 2024 hadi 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia. Utafikaje huko ikiwa jiko zima linatupwa kwa kukosa raba? Wenye maduka, leteni raba na valvu kama mnavyoleta tambi za majiko ya mafuta ya taa!

Nilikaa wiki tatu nikipikia mkaa, mpaka fundi mmoja wa pasi na redio pale Kabwe akaniagizia raba kutoka Dar, shilingi 6,000. Nikachukua mbili. Moja imo kwenye mfuniko, ya pili nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.

Jiko nalipa nyota tano, duka nalipa mbili. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akutolee raba ya akiba uishike mkononi. Akikosa, vuka barabara uende duka lingine.