Pete yangu ya almasi ilimeguka: uzoefu wangu na sonara wa Mtwara mjini

Pete hii nilivishwa siku ya ndoa yangu, dhahabu ya karati 18 yenye almasi moja ndogo. Kwa kuwa tangu utotoni nasikia hakuna jiwe gumu kama almasi, niliivua kwa nadra sana. Nilikuna nazi nayo, niliparua samaki nayo, nilifua nayo.

Mwezi wa tatu, nikiwa naosha masufuria, mkono ukagonga kwa nguvu ukingo wa karo la saruji. Sikuona kitu. Wiki moja baadaye kitambaa kikawa kinanasa kwenye pete, ndipo nikaipeleka kwa sonara mmoja karibu na soko.

Aliitazama kwa lenzi, kisha akanipa na mimi nitazame. Ubavuni mwa jiwe palikuwa pamemeguka kipande kidogo kama punje ya chumvi, na kati ya kucha nne za dhahabu zinazolishika, moja ilikuwa imeinuka. Niliumia sana. Nikamuuliza, si almasi ndiyo namba 10 kwenye ngazi ya Mohs, ile ya kupima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10? Akanijibu, "Mama, kukwaruzika na kupasuka ni vitu viwili. Hii haikwaruziki ila kwa almasi mwenzake, lakini ukiigonga kwa upande wake dhaifu, inapasuka." Akaeleza kwamba almasi ina mielekeo inayopasukia kirahisi, na wakataji wa mawe tangu zamani waliitumia hiyo hiyo kuigawa.

Hapo nikakumbuka hereni zangu za tanzanite, ambazo nilikuwa nazitupia kisanduku kimoja na pete usiku nikiivua kwa nadra. Kesho yake nikamletea. Zote mbili zina michirizi. Tanzanite iko kati ya 6 na 7 tu, kwa hiyo hata mchanga wa kawaida, ambao mwingi ni madini ya kwatzi (quartz) yenye ugumu wa 7, unaweza kuikwaruza. Na sisi wa Shangani hapa Mtwara mchanga tunalala nao! Sasa nazisuuza kwanza kwa maji, sizifuti vumbi zikiwa kavu.

Kazi yenyewe naisifu. Aliizungusha almasi, sehemu iliyomeguka ikakaa chini ya kucha, akakaza kucha zote, na kwa macho huoni kitu. Pia jiwe lilikuwa limefifia nikadhani limechakaa, kumbe ni mafuta: almasi hushika mafuta kupita kiasi, na tui la nazi lilikuwa limejaa chini yake. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini, likawaka kama siku ya harusi. Dawa za madoa zenye klorini alinikataza kabisa, zinaila dhahabu.

Nilicholalamikia ni muda. Aliniahidi siku tatu, nikaipata ya tisa, na hakunipa karatasi yoyote ya kuonyesha ameipokea pete yangu. Kwa kitu cha thamani hii, mdaini karatasi, na mlitazame jiwe lenu kwa lenzi kabla hamjaliacha.

Nitarudi kwake kila baada ya miezi sita akague kucha. Hereni ameshauri tusizisugue upya, maana kila ukisugua jiwe linapungua. Nimezishonea mfuko wake wa kitambaa, na pete ina wake.